Kusikiliza Barabara ya Msituni

Kila ninapoiacha barabara kuu na kuingia katika njia nyembamba ya lami inayopita msituni, husimama hatua chache baada ya njia panda, mguu mmoja chini na mwingine juu ya pedali, nikasubiri mngurumo wa magari unitoke masikioni. Hautoki mara moja. Kwa dakika mbili au tatu za mwanzo bado nayasikia malori yakibadilisha gia nyuma yangu. Kisha, nikishaanza kwenda na kuzipita kona ya kwanza na ya pili, miti huumeza mngurumo ule kidogo kidogo mpaka nabaki na mnyororo wangu, tairi zangu na ndege. Nimeendesha baiskeli katika barabara za aina hii kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka kulieleza leo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa. Barabara yenye magari machache haimruhusu mwendesha baiskeli kuzubaa. Inachomfanyia ni kumrudishia sikio lake, na mtu akishajifunza kulitumia sikio hilo, mambo mengine yote, kuanzia mwendo hadi upana wa tairi, hufuata mkondo huo.

Kwanza lazima barabara yenyewe ipatikane, na haipatikani kwa kubahatisha. Nchini Uingereza, Sheria ya Usafiri ya mwaka 2000 ilizipa mamlaka za mitaa uwezo wa kuzitangaza baadhi ya njia za mashambani kuwa njia za utulivu, na mwongozo wake ulilenga njia zinazopitwa na magari yasiyozidi 1,000 hivi kwa siku. Kigezo hicho kina nia njema, lakini nikikipigia hesabu, magari 1,000 yakigawanywa katika saa 16 za pilikapilika ni kama gari moja kila dakika, na kwangu mimi huo bado si utulivu. Mwenye baiskeli anayepitwa kila dakika hapati nafasi ya kusikia kitu kingine chochote, kwa sababu sauti ya gari lililokwenda haijafifia ndipo nyingine inaanza. Barabara ninazozitafuta ni zile ambazo katika saa nzima huhesabu magari yasiyozidi kumi.

Hizo huzitafuta katika ramani, na hasa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, kwa kuwa huonyesha kila barabara ni kuu au ndogo kiasi gani na mara nyingi hata aina ya uso wake. Mahali pa kwanza pa kutazama ni sambamba na barabara kuu mpya. Barabara kuu inapojengwa, ile ya zamani haifutwi; hubaki palepale ikizunguka vilima na kufuata mito, ikiwa na lami ya kutosha na wasafiri wachache, kwa sababu kila mwenye haraka amehamia kule kwenye njia pana. Mahali pa pili ni barabara yenye daraja dogo lililokatazwa magari mazito. Kibao kimoja chenye kikomo cha tani chache huyaondoa malori katika urefu wote wa njia ile, hata kilomita 20 kabla ya daraja lenyewe, maana hakuna dereva wa lori atakayeingia njia ambayo hawezi kuimaliza. Pia hutazama idadi ya kona. Msitu hukaa mahali palipowashinda wakulima, yaani kwenye miinuko na mabonde, na barabara ya mahali hapo hupinda mno. Dereva anayetaka kufika huikwepa, na mwenye baiskeli huipenda kwa sababu hiyohiyo.

Ninaposema kwamba malori ndiyo yanayoharibu zaidi utulivu wa barabara, nina mfano mkubwa wa kuutegemea. Marekani ina barabara mbili ndefu, Blue Ridge Parkway yenye urefu wa kilomita 755 na Natchez Trace Parkway yenye kilomita 715 hivi, ambazo zote mbili hupita sehemu kubwa katika miti na zimekatazwa magari ya mizigo ya kibiashara. Ujenzi wa Blue Ridge ulianza mwaka 1935 na kipande chake cha mwisho kilikamilika mwaka 1987. Natchez Trace ilikamilika mwaka 2005. Magari madogo yanaruhusiwa, na msimu majani yanapogeuka rangi huwa mengi kweli, lakini kukosekana kwa malori peke yake kumezifanya barabara hizo kuwa miongoni mwa zinazotamaniwa sana na waendesha baiskeli. Natamani wapangaji wa barabara wangezitazama kwa makini zaidi. Wengi huchora mstari mweupe ukingoni mwa lami na kuuita njia ya baiskeli, ilhali kuyaelekeza malori kwingine kungefaa kuliko mistari yote hiyo.

Sasa nirudi kwenye sikio. Gari dogo likishapita mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, sauti yake kubwa haitoki tena kwenye injini. Hutoka kwenye tairi zinazosuguana na lami. Hili ni jambo jema kwetu, maana hata gari la umeme husikika linapokuja kwa kasi. Tatizo la gari la umeme liko katika mwendo mdogo, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeyalazimu magari hayo kutoa sauti ya bandia mpaka mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kwa aina mpya tangu mwaka 2019 na kwa magari yote mapya tangu mwaka 2021. Katika barabara ya msituni, gari la nyuma hunifikia kwanza kama mvumo mwembamba unaofanana na upepo wa mbali katika miti. Kuutenganisha mvumo huo na upepo wa kweli ni ujuzi unaokuja polepole: upepo hupanda na kushuka, na hutoka pande nyingi, gari huongezeka tu, na hutoka upande mmoja.

Sauti yenyewe haisafiri sawasawa kila siku. Upepo ukivuma kutoka nyuma yangu, huniletea sauti ya gari likiwa bado mbali sana. Ukivuma kutoka mbele, sauti ya gari lililo nyuma hupindishwa juu na kunipita kichwani, nisiisikie mpaka gari limenikaribia. Asubuhi tulivu, wakati hewa baridi imelala chini na yenye joto kidogo iko juu yake, mambo huwa kinyume: sauti hupindishwa chini na kwenda mbali, na ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu nayasikia magari mapema na magari yenyewe ni machache. Penye kona yenye kilima kilichokatwa ili kupitisha barabara, kuta za udongo huziba kila kitu. Hapo sikio halina msaada, na ni lazima kulijua hilo kabla ya kuingia.

Kisha kuna upepo tunaoutengeneza wenyewe. Mwendesha baiskeli anayekwenda kilomita 20 kwa saa husikia hewa ikipita masikioni kama mnong'ono. Akifika 30, mnong'ono ule umekuwa kelele inayofunika karibu kila sauti ya nyuma. Hapa ndipo fizikia ilipokutana na tabia yangu ikanilazimisha kuibadilisha. Nguvu inayohitajika kuishinda hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo kutoka kilomita 20 kwenda 25 kwa saa, katika hewa iliyotulia, huidai miguu karibu mara mbili ya nguvu ile iliyokuwa ikitumika kwa hewa. Katika safari ya kilomita 40, faida ya jasho hilo lote ni dakika 24. Kwa dakika 24 nimelipa usikivu wangu, na kwa maoni yangu hiyo ni biashara mbaya. Tangu nilipoliona jambo hili hivyo, mwendo wangu wa msituni ni kilomita 18 hadi 22 kwa saa kwenye tambarare, na siuonei haya.

Sikuliona kwa hesabu tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipita katika msitu wa misonobari ninaoufahamu vizuri, nikiwa nimeazimia kuupunguza muda wangu wa safari iliyotangulia. Nilikuwa nimeinamia usukani, upepo ukinguruma masikioni, macho yakiangalia mita kumi mbele na si zaidi. Kilichoniokoa ni mpando mfupi. Mwendo uliposhuka, upepo ulinyamaza, nami nikaisikia injini nzito nyuma yangu, karibu mno. Lilikuwa lori la magogo, na mbele yetu sote palikuwa na kona kali. Nilitoka barabarani bila kufikiri, nikaingia katika nyasi na kusimama. Lori likapita, dereva akiwa amejitahidi kabisa kunipa nafasi. Lakini lilipoanza kupinda, magogo yaliyochomoza nyuma ya ekseli ya mwisho yalifagia kwenda nje ya kona, yakapita juu ya ukingo wa lami, pale hasa ambapo ningekuwa nikiendelea kukanyaga. Dereva hakufanya kosa lolote. Ndivyo mzigo mrefu unavyofanya: kichwa kinapoingia kona upande mmoja, mkia uliochomoza huyumba upande wa pili, na kadiri unavyochomoza ndivyo unavyoyumba kwa upana zaidi. Tangu siku hiyo, lori la magogo likisikika, mimi hutoka barabarani kabisa, hata kama ninaona nafasi inatosha.

Kuna wanaodhani kwamba hatari huisha magari yanapokuwa machache. Ukweli ni kwamba hubadilika sura. Dereva anayeifahamu barabara ya msituni, aliyeipita mara mia bila kukutana na mtu, huiendesha akiamini haina mtu. Huikata kona kwa ndani. Kwa hiyo mteremko wenye kona ndipo mahali ninapoweka akili yangu yote, na hesabu yake ni rahisi. Kwa kilomita 40 kwa saa, baiskeli husafiri mita 11 katika sekunde moja ambayo akili inaitumia kuitambua hatari. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 12 au 13 nyingine, jumla yake mita 24 hivi. Kwa kilomita 20 kwa saa, jumla hiyo hushuka mpaka mita 9. Ikiwa kona inanionyesha mita 20 tu mbele, jibu tayari liko wazi. Na ikiwa barabara ni ya upana wa gari moja, nusu ya mita zile ni za yule anayekuja, kwa hiyo hukata mwendo mara nyingine tena. Lami ikiwa na maji au majani, tarakimu hizi zote hazifai, na hapo hushuka kama mtu anayeshusha yai.

Majani yaliyolowa yanastahili maneno zaidi, kwa maana yameniangusha mara mbili. Jani moja halina neno. Majani yaliyokaa wiki nzima kivulini, yakakanyagwa na tairi za magari mpaka yakawa utando mmoja juu ya lami, huteleza kama sabuni, na hatari yake hujificha kwa kuwa rangi yake hufanana na ya lami chakavu. Majani membamba ya misonobari hujikusanya katikati ya barabara na pembezoni, yakiacha mistari miwili safi ambamo magurudumu ya magari hupita. Mimi hukaa katika mstari mmoja wapo na siyavuki majani yale nikiwa nimeinama konani. Pale jua lisipofika kabisa, lami huota utando wa kijani ambao hautambuliki mpaka umekaribia sana. Msitu hushikilia unyevu. Barabara ya wazi inaweza kuwa imekauka kwa saa mbili baada ya mvua, ilhali ile ya chini ya miti bado inadondokewa na matone hadi jioni. Mizizi nayo huinua lami kutoka chini, na mvua hushusha changarawe upande wa ndani wa kona, mahali palepale ambapo gurudumu linataka kupita.

Kuviona vitu hivyo ni kazi, kwa sababu mwanga wa msituni una madoadoa. Jua linalochuja katika matawi hulitupia lami vipande vya weupe na weusi, na shimo likiangukia ndani ya weusi hutoweka. Jicho hulizoea jua haraka, lakini kulizoea giza huchukua dakika. Kwa sababu hiyo nimeacha kuvaa miwani myeusi msituni. Navaa ya kioo cheupe, ya kuzuia wadudu na vumbi tu. Na hutazama pia kutoka upande wa pili: dereva anayetoka kwenye uwanda wenye jua kali na kuingia ghafla chini ya miti, kwa sekunde kadhaa za mwanzo haoni vizuri kabisa. Mita mia za kwanza za kivuli ndizo mbaya kuliko zote kwa mwendesha baiskeli, na ndiyo maana taa yangu nyekundu ya nyuma huwaka mchana kutwa, ikimetameta, hata siku ambayo mbingu haina wingu.

Kuhusu baiskeli yenyewe, nitasema lililo karibu na sikio. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mwishoni mwa miaka ya 1880, alilifanya kwa ajili ya kulainisha safari ya mwanawe, na bado hiyo ndiyo kazi kubwa ya tairi katika barabara chakavu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa likawa gumu kama jiwe ndilo lenye kasi. Katika lami iliyopasuka si kweli: gurudumu gumu hurukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyopotea ndani ya mwili wa mpandaji. Sasa natumia tairi za milimita 32 zisizo na meno makubwa, na kwa uzito wangu wa kilo 70 hivi huzijaza upepo kwa shinikizo la kati ya bar 3.5 na 4. Zinakwenda vizuri, na zaidi ya hilo hazipigi kelele. Usiku wa kuamkia safari nzito huinua baiskeli, nikaitikisa, nikasikiliza. Chupa inayogonga fremu, kikinga tope chenye skrubu iliyolegea, mnyororo uliokauka unaolia kama panya, vyote huondolewa au kufungwa au kutiwa mafuta. Baiskeli inayolia humziba mwenyewe masikio.

Gia nazo zinahusika. Misitu mingi imekaa milimani, na mpando wa taratibu unataka gia ndogo kweli. Ninayo yenye meno 34 mbele na meno 34 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali huizungusha gurudumu mara moja, kama mita 2.1, na kwa mizunguko 60 kwa dakika napanda kwa kilomita 7.5 hivi kwa saa nikipumua kwa utulivu na kusikia kila kitu. Neema hii ina baba yake. Mfaransa Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kujulikana kwa jina la Vélocio, alianzisha jarida la baiskeli huko Saint-Étienne mwaka 1887 na kutumia maisha yake kuwashawishi watu kwamba kubadilisha gia si udhaifu. Uwanja wake wa majaribio ulikuwa mpando unaotoka mji huo kwenda Col de la République, wenye kimo cha mita 1,161, ambao pia huitwa kwa jina lenye maana ya msitu mkubwa. Mashindano ya Tour de France yaliendelea kukataza vibadilisha gia mpaka mwaka 1937, miaka saba baada ya kifo chake. Naona uchungu kila ninapokumbuka jinsi alivyokufa: baada ya maisha yote ya kupanda na kushuka milima ile, aligongwa na tramu mjini mwaka 1930, akiwa anaikokota baiskeli yake kwa miguu.

Vifaa vya dharura nitavitaja upesi, kwani kila mtu anavijua: mpira wa ndani wa akiba, pampu, viraka, kiungo cha mnyororo, maji zaidi ya unavyodhani utahitaji, na ramani iliyohifadhiwa kwenye simu kabla ya kuondoka, maana mtandao hukatika mapema msituni. Baada ya dhoruba naiacha misitu ipumzike siku moja au mbili, kwa kuwa matawi yaliyovunjika hubaki yamening'inia na huanguka hata siku isiyo na upepo. Alfajiri na magharibi wanyama huvuka. Akivuka mmoja, nashika breki na kusubiri, kwa sababu mara nyingi wa pili yuko nyuma yake na macho yake yako kwa mwenzake.

Nina daftari dogo ambamo, nikifika tena barabara kuu na kuusikia ule mngurumo ukirudi, huandika tarakimu tatu: kilomita nilizokwenda, magari niliyokutana nayo, na magari niliyoyaona kabla ya kuyasikia. Safari yangu ya mwisho ilikuwa kilomita 58, magari 11, na mawili kati yake niliyaona kwanza. Yote mawili yalitokea mahali pamoja, pale barabara inapopita kati ya kuta mbili za udongo na kupinda kushoto. Jioni niliifungua ramani, nikaitafuta kona ile, nikaiwekea alama nyekundu.